Willie Mosconi na meza iliyoinama

Walimu wenzangu wengi hawaupendi mchezo wa puli. Wamwonapo mvulana mwenye sare ya shule ameinamia meza ile ya kitambaa cha kijani, huona kijana aliyekwisha kupotea, na aghalabu hawasubiri maelezo. Sina haki ya kuwalaumu, kwani hata mimi, katika miaka ile kiboko kilipokuwa kingali halali shuleni, niliwahi kuwafurusha wanafunzi vibandani mithili ya mkulima afurushaye mbuzi shambani mwake. Hata hivyo, leo nawaomba wasomaji wa safu hii, na hususan walimu na wanafunzi, wanivumilie niwasimulie maisha ya mtu aliyekula jasho lake juu ya meza kama hiyo hadi akafa akiheshimiwa. Jina lake ni William Joseph Mosconi, ambaye ulimwengu ulizoea kumwita Willie.

Kilichonikumbusha mtu huyu ni ugomvi uliozuka hapa Laini Saba. Kwa wasiopajua, Laini Saba ni mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera, mtaa ulioanza kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Reli iendayo Kisumu hukata katikati ya Kibera, na vyumba vya mabati vimeshikamana kiasi kwamba mtu akikohoa chumba hiki, wa chumba cha pili humpa pole. Katika kibanda kimoja pana meza ya puli inayomeza sarafu ya shilingi 20 kwa kila mchezo. Jumamosi moja mwanafunzi wa kidato cha tatu aliwashinda watu wazima watatu mfululizo juu ya meza hiyo. Wa nne, ambaye alikuwa ameweka pesa, alipoona zinamponyoka alidai kwamba kijana ameupaka mpira mweupe kitu fulani ili wenzake wakiupiga ukwame.

Basi hapakutakiwa ushahidi. Kufumba na kufumbua, kola ya shati la shule ilikuwa mikononi mwa watu wanne. Bahati ilinipitisha hapo, wakanitambua kuwa ni mwalimu, wakaniachia kijana kwa shingo upande. Nilimsindikiza hadi mlangoni kwa mamake. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyekumbuka kuukagua mpira wala meza yenyewe. Ya pili ni deni langu mwenyewe la zamani, na hilo nitalieleza kabla sijaweka kalamu chini.

Mosconi alizaliwa tarehe 27 Juni 1913 katika mji wa Philadelphia, Marekani, katika familia yenye asili ya Kiitaliano. Babake, Joseph, alikuwa na ukumbi wa biliadi. Mtu angetarajia kwamba mzazi wa namna hiyo angefurahi kumwona mwanawe akiichukua fimbo, lakini sivyo ilivyokuwa. Mzee alizijua vyema kumbi zile, pamoja na moshi wake, kamari yake na ndimi zake chafu, wala hakutaka mwanawe alelewe humo. Alitamani mtoto awe mcheza dansi wa jukwaani kama binamu zake, ambao walikuwa wamekwisha kujipatia jina. Hivyo akamkataza kugusa meza, akaificha mipira na kuzifungia fimbo.

Mtoto naye akatwaa viazi vya jikoni vikawa mipira yake, na mpini wa ufagio ukawa fimbo yake. Watu wa nyumbani walipokuwa wamelala, yeye alishuka gizani akaviviringisha viazi juu ya meza. Nimewasimulia wanafunzi wangu kisa hiki mara nyingi nao hucheka, lakini kicheko chao ni cha watu wanaoelewa, kwa maana katika Laini Saba hakuna mtoto asiyejua kuunda mpira kwa karatasi za plastiki na kamba. Tazameni vilevile kwamba kiazi si duara kamili. Kinayumba, na hakiendi pale unapokituma. Aliyejifunza kwa viazi alikuwa amejifunza mapema kwamba chombo kina tabia yake, na kwamba mchezaji hana budi kuijua tabia hiyo kabla ya kujisifu au kulalamika.

Baba alipogundua kipaji hicho alibadili nia. Kabla mtoto hajatimiza miaka saba alipambanishwa na Ralph Greenleaf, kijana aliyekuwa bingwa wa wakati huo, mbele ya watazamaji waliolipa. Alishindwa, lakini watu walirudi makwao wakimzungumzia yeye. Kisha, kama iwavyo kwa watoto wengi wanaofanywa maonyesho na wakubwa, aliuchoka mchezo akauacha. Haukumrudia kwa mapenzi bali kwa njaa. Mporomoko wa uchumi ulioikumba Marekani kuanzia mwaka 1929 uliwatupa mamilioni ya watu nje ya kazi, na Mosconi, ambaye alikuwa kijana wa kutunza jamaa yake, aliingia katika mashindano kwa kuwa palikuwa na chakula.

Mwaka 1933 alizunguka nchini pamoja na Greenleaf yuleyule wakicheza mji baada ya mji. Greenleaf alikuwa fundi wa ajabu, na pombe ilikuwa ikimla polepole. Naamini kijana alijifunza kwake mambo mawili kwa pamoja, yaani namna ya kucheza na namna ya kutoishi. Tangu hapo Mosconi alijulikana kwa suti yake nadhifu, kwa kasi yake mezani, na kwa kuichukia sana dhana kwamba mcheza puli ni lazima awe mlaghai. Alitwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1941, na hadi kufikia mwaka 1957 alikuwa ameutwaa mara 15. Mwaka 1956, katika mchezo wa ubingwa dhidi ya Jimmy Moore, alitia mipira 150 kwa zamu moja, akamaliza mchezo bila mpinzani wake kupata hata alama moja. Mwishoni mwa mwaka huohuo alipatwa na kiharusi, na bado akarejea mezani.

Sasa nifike penye kiini cha habari. Mchezo aliocheza Mosconi huhesabiwa kwa urahisi. Kila mpira ni alama moja, na mchezaji hutaja mapema mpira gani atautia katika shimo lipi. Akikosa, zamu humwendea mwenzake. Unaposalia mpira mmoja tu kati ya ile 15, ile 14 hupangwa upya na mchezo huendelea. Kwa hiyo mtu asiyekosa anaweza kucheza peke yake muda mrefu huku mpinzani ameketi kitini akitazama. Mnamo Machi 1954, mjini Springfield katika jimbo la Ohio, Mosconi alialikwa kuonyesha ustadi wake katika mchezo uliopangwa kuwa wa alama 200. Alizifikia 200 bila kukosa. Watu wakamsihi aendelee, naye akaendelea. Alipokosa hatimaye, hesabu ilikuwa imefikia 526. Mwanafunzi wa hisabati na agawe 526 kwa 14, ataona kwamba mipira ilipangwa upya mara 37.

Rekodi hiyo ilidumu kwa miaka 65. Hata hivyo haikukosa manung'uniko, na manung'uniko yenyewe yalihusu chombo. Meza ya Springfield ilikuwa ya futi 8 kwa 4. Mashindano makubwa ya miaka hiyo yalikuwa yakichezwa kwenye meza za futi 9 kwa nne na nusu, na zamani kidogo kwenye meza za futi 10 kwa 5. Tukipiga hesabu kwa vipimo hivyo vya majina, meza ya kwanza ina futi mraba 32, ya pili 40 na nusu, na ya tatu 50. Penye nafasi ndogo mpira hausafiri mbali, na kosa dogo la mkono haligeuki kuwa kosa kubwa shimoni. Basi wakatokea waliosema kwamba 526 ya Mosconi ilikuwa ya meza ya watoto. Wengine wakajibu kwamba penye nafasi ndogo mipira husongamana, na kuichambua iliyosongamana ni kazi ngumu zaidi. Ubishi huo haujesha, wala mimi si hakimu wake.

Ninachotaka wasomaji watambue ni hiki: ubishi wenyewe uliwezekana kwa sababu ukweli haukufichwa. Usiku ule waliokuwapo waliandika hati ya kiapo, wakatia sahihi zao mashahidi zaidi ya 30 waliohesabu kwa macho yao. Mahali palitajwa, tarehe ikatajwa, na ukubwa wa meza ukatajwa vilevile. Yeyote aliyetaka kuipunguzia rekodi hiyo thamani alipewa kipimo cha kuipunguzia. John Schmidt alipofikisha 626 mwaka 2019 huko California, kwenye meza ya futi 9, wapo waliolalamika kwamba video yake haikuwekwa hadharani mara moja, na kwa kukosa kuiona wakazidi kunong'ona. Mskoti Jayson Shaw alipofikisha 714 Januari 2022, minong'ono ikahamia kwingine. Ndivyo walimwengu walivyo. Ila mtu aliyetaja mapema ukubwa wa meza yake huweza kulala usingizi watu wakinong'ona, ilhali aliyeuficha huamka kila mlango unapobishwa.

Wengi wetu huchanganya mambo mawili yasiyofanana: tofauti ya chombo na hila ya chombo. Vyombo havilingani duniani. Hata hizi meza zetu za sarafu, mpira wake mweupe aghalabu huzidi au hupungua kidogo kwa ukubwa au kwa uzito ukilinganishwa na mipira mingine, ili mashine iutambue na kumrudishia mchezaji badala ya kuumeza. Anayejua jambo hilo hucheza akilizingatia. Hakuna hila hapo, maadamu wachezaji wote wawili wanautumia mpira uleule na wote wawili wanajua. Hila ni pale mmoja anapojua na mwenzake hajui. Kuuweka mkunjo wa karatasi chini ya mguu wa meza ili mipira ielekee kona fulani, kuuziba mdomo wa shimo kwa kitambaa chembamba ili lisimeze, kuupaka mpira kitu kitakachoufanya ugande kidogo unapogusana na mwenzake: mambo haya yote ni madogo, na kila moja likitajwa kwa sauti kabla ya mchezo huacha kuwa wizi likawa ni hali ya meza tu. Kimya ndicho kinachoyageuza kuwa wizi.

Hapo ndipo Mosconi alipokutana na hasimu wake mkubwa, ambaye hakuwa mchezaji wa kumtisha mezani. Mwaka 1959 mwandishi Walter Tevis alitoa riwaya ya The Hustler, kuhusu wacheza puli wa kamari, na mwaka 1961 ikageuzwa kuwa filamu. Mosconi ndiye aliyemfundisha mwigizaji Paul Newman kushika fimbo, na mapigo mengine magumu yanayoonekana katika filamu hiyo aliyapiga yeye mwenyewe. Katika hadithi mlikuwamo bingwa mnene wa kubuniwa aliyeitwa Minnesota Fats. Filamu ilipopata sifa, mcheza kamari mmoja aliyeitwa Rudolf Wanderone, ambaye hapo awali alijulikana kwa jina la New York Fats, alitangaza kwamba yeye ndiye aliyesimuliwa. Tevis alikanusha. Wanderone hakujali. Alijivika jina hilo, akaingia kwenye televisheni, akajitapa kwamba amewashinda mabingwa wote, Mosconi akiwa mmoja wao.

Fikirini uchungu wa mtu huyu. Kwa miaka 20 alikuwa amelala katika treni na hoteli za bei nafuu, akivaa suti ili mchezo wake uheshimiwe, akicheza hadharani mbele ya waamuzi na vitabu vya hesabu. Kisha akatokea mtu asiye na taji hata moja kubwa la mashindano, ambaye ushindi wake wote ulipatikana usiku, pasipo shahidi, na taifa zima likampenda yeye. Linalouma zaidi ni kwamba Mosconi mwenyewe aliichochea sufuria hiyo. Filamu aliyoisaidia kwa mikono yake ndiyo iliyomfanya mlaghai awe shujaa machoni pa vijana. Sisemi alitenda dhambi. Alikuwa na watoto wa kulisha, na kazi ni kazi. Nasema tu kwamba hata mwadilifu anaweza kulipalilia shamba la mwenzake bila kujua mbegu iliyomo.

Walipambana hatimaye tarehe 14 Februari 1978, katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, mbele ya kamera za televisheni. Mosconi alikuwa na umri wa miaka 64, na Wanderone 65. Wanderone aliongea karibu muda wote. Alitania, alichokoza, aliwachekesha watazamaji huku mwenzake ameinama kulenga. Baadhi ya wachezaji huihesabu tabia hiyo kuwa sehemu ya mchezo. Mimi naiona kuwa ni kuchezea chombo, kwa maana chombo cha kwanza cha mchezaji ni utulivu wake. Mosconi alikunja uso, akakasirika waziwazi, kwani hakuwa mtu wa subira nyingi. Lakini alishinda. Wengi waliotazama walimpenda aliyeshindwa kuliko aliyeshinda. Hiyo nayo ni sehemu ya habari, wala sipendi kuwaficha wanafunzi: uaminifu hauji na makofi sikuzote.

Alifariki tarehe 17 Septemba 1993, mjini Haddon Heights, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka uliofuata waandaaji wa mashindano kati ya timu ya Ulaya na timu ya Marekani waliyaita Kombe la Mosconi, na hadi leo huchezwa kwa jina hilo. Wanderone alifuata Januari 1996. Kila mmoja aliacha jina, na kila mmoja ana wanaomkumbuka. Ila jina la mmoja lilikopwa kutoka riwayani, na la mwingine limechorwa kikombeni.

Sasa nilipe deni langu. Nilipoanza kazi nikiwa mwalimu kijana asiye na mafunzo, nilipanga chumba hapa Laini Saba. Mshahara ulikuwa mdogo na hauji kwa wakati. Jirani palikuwa na meza ya puli iliyowekwa juu ya sakafu ya udongo uliopigwa. Msimu wa masika maji yalipenya chini ya ukuta, mguu mmoja wa meza ukadidimia kiasi cha unene wa kidole. Kwa macho hukuweza kuona. Lakini mimi nilicheza kila jioni, na baada ya siku tatu nilijua kwamba mpira uendao polepole karibu na ukingo wa kushoto huvutwa na kona ya chini kama ng'ombe aendaye mtoni. Mwenye kibanda alijua pia. Hatukuambizana lolote. Nilianza kushinda, naye akaanza kupata wateja wa kuja kumwona mwalimu anayeshinda.

Ijumaa moja akaja kijana wa kazi za mjengo, mgeni mtaani, na mshahara wake wa juma zima mfukoni. Aliweka kidogo, akashindwa. Akaongeza, akashindwa. Nilipomshinda mara ya nne alisimama kando ya meza akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema mbele ya watu wote kwamba meza imeinama. Watu walimcheka. Walimwambia kwamba asiyejua kucheza husingizia uwanja. Alinigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, na kwa kuwa mwalimu husema kweli, akataka nithibitishe. Pesa za kodi yake ya nyumba zilikuwa mfukoni mwangu. Nilitazama chini, nikapaka chaki kwenye ncha ya fimbo. Aliondoka akizomewa, na sikumwona tena.

Sikuukunja mkunjo wowote wa karatasi, wala sikuugusa mguu wa meza. Mvua ndiyo iliyoiinamisha. Kwa miaka mingi nilijitetea nafsini kwa hoja hiyo, na kwa muda ilinitosha. Nilipokuja kusoma habari za Mosconi, na kukuta kwamba mashahidi wake waliona ni lazima watu wajue ukubwa wa meza hata ingawa hakuna aliyewauliza, nilielewa kwamba utetezi wangu ulikuwa wa mtu aliyejificha nyuma ya mvua. Kijana yule alikuwa na haki ya kuambiwa nilichokijua. Nami nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema.

Walimu wenzangu, nadhani mmekwisha kuona ninakoelekea. Baada ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Tangu hapo karatasi zimekuwa zikifungiwa katika makasha ya chuma, na wakuu wa shule huzifuata asubuhi ya mtihani. Nayaunga mkono makasha hayo. Lakini kufuli huilinda karatasi tu. Haimlindi mtoto dhidi ya mtu mzima anayejua na kunyamaza. Nani kati yetu hajawahi kuketi katika chumba cha walimu akajua kwamba jambo fulani si sawa, kisha akaendelea kukoroga chai? Hatukuiba karatasi sisi. Hatukuinamisha meza. Tulijua tu, na alama za shule zilipopanda tulipiga makofi pamoja na wazazi.

Na kuna upande wa pili ambao ni lazima niutaje, kwa kuwa haki ina pande mbili. Kumshtaki mtu kwa hila bila kupima nako ni kuinamisha meza. Yule mwanafunzi wa kidato cha tatu nusura apigwe kwa tuhuma ambayo ingeweza kuamuliwa kwa kuupangusa mpira kwa kitambaa na kuucheza tena. Shuleni mtoto wa mtaa wa mabanda akipata alama ya juu ghafla, wa kwanza kunong'ona huwa ni sisi. Twauliza ameibia wapi kabla ya kuuliza amesoma kwa taa ipi. Wapo Mosconi wengi wanaosoma kwa viazi vyao gizani, na tuhuma isiyopimwa huwavunja moyo kuliko umaskini wenyewe.

Juma lililofuata nilirudi katika kile kibanda, safari hii pamoja na yule mwanafunzi na baadhi ya wale waliomshika kola. Nilikuwa nimeazima pimamaji kutoka kwa fundi mwashi anayejenga karibu na reli. Tuliupangusa mpira mweupe, tukautazama mwangani, hapakuwa na kitu ila alama za chaki. Kisha tuliiweka pimamaji juu ya kitambaa, kwanza kwa urefu wa meza, halafu kwa upana. Kwa urefu, povu lilitulia katikati. Kwa upana, lilikimbilia upande wa kulia na kukataa kurudi, ishara kwamba upande wa kushoto ulikuwa chini. Yule bwana aliyepoteza pesa zake alichuchumaa, akautazama mguu wa meza, akanyamaza. Nilimtazama mwenye kibanda, naye akatazama nje.

Kisha nikawaeleza habari ya mwaka ule wa masika na kijana wa mjengo. Haikuwa rahisi kuisema mbele ya mwanafunzi wangu. Hakuna aliyecheka. Kijana wangu aliniuliza kama nilimrudishia yule mtu pesa zake, nikamjibu kwamba sikumrudishia. Aliitikia kwa kichwa tu, akatafuta kipande cha ubao, akapiga magoti akaanza kukitia chini ya mguu uliodidimia, huku akiniomba niisome pimamaji na kumwambia pindi povu litakaporudi katikati.